Filta Iliyommeza Babu

Nimefanya utundu mwingi, na mwingine nitaukiri nikishapata cheti changu cha kidato cha nne mkononi, lakini la babu si langu. Nalisema mapema kwa sababu kule Chemba bado wapo watu wanaoamini kwamba nilikaa na laptopu, nikacheka peke yangu, nikamfuta marehemu kwenye harusi ya mwanawe. Kukaa nilikaa. Peke yangu nilikuwa. Kucheka ndiko hakukuwepo.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita. Mtaa wetu wa Nkuhungu una watumishi wengi waliohamishiwa Dodoma na ofisi zao, na shule zikifungwa tu watoto wao wanapandishwa mabasi kurudi wanakokuita kwao: Moshi, Mbeya, Tanga, Dar. Darasani tulikuwa kundi la wanne. Mimi nilikuwa mchekeshaji, wale watatu kazi yao ilikuwa kucheka. Wote waliondoka ndani ya siku mbili. Mimi kwetu ni hapa hapa, au tuseme Chemba, saa chache tu kwa basi, mahali ambapo ukisema unakwenda likizo hakuna anayekuonea wivu.

Baba ni dereva wa ofisi, wiki nzima yuko safarini na wakubwa. Mama ni karani, na mwezi wa sita ni wakati wa Bunge la bajeti, hivyo alikuwa anatoka sijaamka na kurudi amechoka kiasi kwamba nikimwamkia anajibu, "Imepokelewa." Nikabaki mimi, upepo wa kipupwe unaogonga mabati mchana kutwa, vumbi, na kuku wawili wa jirani walioruka ukuta. Siku ya tatu niliwasimulia kuku kichekesho. Mmoja aliondoka katikati.

Ndipo bibi alipopiga simu.

"Mume wangu, uko hai?"

"Niko hai, mke wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Mume gani anamwamkia mkewe shikamoo?"

"Mume aliyelelewa vizuri."

Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Ni utani, lakini ni utani wenye kanuni zake. Babu anakuwa mwenzako, yaani mpinzani, na unaruhusiwa kumsema upendavyo. Babu yangu alifariki nikiwa mdogo mno, sina hata kumbukumbu ya sauti yake, lakini tangu nilipojua kuongea nimekuwa nikimwambia bibi kwamba yule mzee wake nitamtoa, nyumba ibaki yangu. Bibi anacheka, shangazi anacheka, na mimi nakula nyama ya ziada. Huo ndio ulikuwa mchango wangu katika ukoo.

Siku ile bibi hakukaa sana kwenye utani. Akasema mwezi wa saba watoto wake wangekutana kujengea kaburi la babu, maana lilikuwa bado udongo mtupu miaka yote hiyo.

"Mwenzio hakuacha picha," akasema. "Hata moja. Na sasa sura yake inanitoroka. Kofia naikumbuka. Kikohozi nakikumbuka. Uso unakuja nusu, halafu unaondoka."

Nikaacha utani, nikachukua kalamu. Kwangu hilo ni tukio.

"Kwenye ule mkanda wa harusi ya baba yako lazima yumo. Mama yako anao. Nitafutie nimwone. Siku hiyo ya kaburi nimwone."

Akakata simu bila kunitania. Hapo nikajua kwamba nimepewa kazi ya kweli.

Mkanda mama aliutoa chini ya sanduku la vitenge, mkubwa kama tofali, kwa sababu ni wa zamani zile za mikanda ya kuingiza kwenye deki. Deki yenyewe hatuna. Nikaupeleka Makole kwa fundi mmoja mwenye steshenari, ambaye kati ya kudurufu vyeti na kupiga picha za pasipoti huhamisha pia mikanda ya zamani kuwa faili la kompyuta. Alinipa flashi baada ya siku mbili. Nikafungua pale pale.

"Kaka, mbona watu wana mistari?"

"Mistari gani?"

"Huyu mama yangu. Akigeuza kichwa anakuwa kama amechanwa na kitana kutoka pembeni."

Akaangalia. "Dogo, huo ni mkanda wa zamani. Watu wa zamani walikuwa hivyo."

"Walikuwa na mistari?"

"Mimi nimekuhamishia. Kupiga pasi si kazi yangu."

"Na mbona inakwama kwama kama ina kwikwi?"

"Basi niachie mkanda nirudie," akasema, halafu akakumbuka. Akainama chini ya meza, akatoa mfuko. Mashine yake ilikuwa imeutafuna mkanda mara tu ilipomaliza kuusoma. Ndani ya mfuko mlikuwa na tambi nyeusi, fungu zima. Harusi ya wazazi wangu ikawa imebaki sehemu moja tu duniani, kwenye ile flashi.

Nilirudi nyumbani nikajifungia. Ningekuwa na watu, ningeifanya hadithi ya tambi iwe ya wiki nzima. Badala yake nikaanza kusoma kurasa za intaneti kwa Kiingereza changu cha kidato cha tatu, bando likiyeyuka, mpaka nikaelewa mistari ile inatoka wapi.

Kamera za zamani hazikuchukua picha nzima kwa mkupuo mmoja. Zilichukua kwanza mstari wa kwanza, wa tatu, wa tano, mpaka chini, kisha punde kidogo baadaye mstari wa pili, wa nne, wa sita. Nusu mbili, witiri na shufwa, zikafumwa kuwa fremu moja, yaani picha moja kamili. Kwenye tivi za zamani, zile za chogo, ilikuwa sawa, kwa sababu zenyewe zilionyesha nusu nusu vile vile. Laptopu inaonyesha zote kwa pamoja. Kama aliyepigwa ametulia, nusu mbili zinalingana na huoni kitu. Kama ametikisika, nusu moja inamwonyesha hapa, nyingine pale, na pembeni mwake yanaota meno ya kitana. Harusi yetu ilikuwa na watu wanaotikisika wengi.

Dawa yake ni filta, chujio linalotenganisha zile nusu na kujaza mistari inayokosekana. Niliyoipata inaitwa yadif, jina kama la beki wa kushoto wa timu ya mkoani. Unaandika komandi ya mstari mmoja, unabonyeza, unakwenda kupika ugali, unarudi. Niliporudi meno yalikuwa yamekwisha, ila shangazi, ambaye kwenye mkanda ni msichana mwembamba anayeongoza ngoma, alikuwa anakwenda mbele hatua, anarudi nusu, anakwenda tena, kama mtu aliyehisi amesahau kitu nyumbani, akageuka, akakumbuka kwamba hakukisahau. Harusi nzima ilicheza hivyo. Hata ng'ombe aliyepita nyuma.

Niliuliza kwenye ukurasa mmoja wa watu wa mambo haya. Alinijibu mtu mmoja, sijui wa nchi gani, hana picha, hana jina la kueleweka. Aliuliza swali moja tu: umeiambia ianze na nusu ipi? Nilikuwa nimeiambia ianze na ya juu, na mkanda ulianza na ya chini, kwa hiyo kila nusu ya baadaye ilikuwa inaonyeshwa kabla ya iliyoitangulia. Nikabadilisha neno moja, shangazi akaacha kurudi nyuma. Nilimwandikia yule mtu kumshukuru, nikamwongezea kichekesho cha ng'ombe. Hakujibu. Lakini kusema kweli, wiki ile yeye ndiye niliyezungumza naye zaidi.

Ikabaki kwikwi. Nilihesabu fremu moja moja kwa kidole. Mkanda una fremu ishirini na tano kwa sekunde, ila mashine ya fundi ilikuwa imewekwa kurekodi thelathini, hivyo ili kutimiza idadi ilikuwa inarudia fremu. Tano halali, ya sita pacha wa iliyotangulia. Kwa jicho ni kukwama kidogo, tena, tena, na baada ya dakika kumi unataka kurusha laptopu kwa kuku.

Kuna filta ya hilo pia. Kazi yake ni kulinganisha kila fremu na ile iliyopita. Ikiona hakuna jipya, inaitupa. Nikaiweka, haikutupa hata moja, kwa sababu mkanda wa zamani una chembechembe zinazocheza kama vumbi kwenye mwanga, na kwa macho ya filta hakuna fremu mbili zinazofanana kabisa. Basi nikazisafisha kwanza zile chembe, halafu nikapandisha kiwango. Kupandisha kiwango maana yake ni kuiambia filta: tofauti ndogo ndogo zisikusumbue, achana nazo, hizo si tukio. Ikaanza kutupa. Nikapandisha tena. Ikatupa zaidi. Harusi ikatiririka kama maji, na nikajipigia makofi. Makofi ya mtu mmoja kwenye nyumba tupu yana sauti mbaya sana, usijaribu.

Tatizo dogo: sauti haikukaa tena na picha. Katekista alikuwa anafunga mdomo ndipo baraka zinatoka. Badala ya kujiuliza kwa nini, mimi nikafanya uvivu wangu. Nikaitupa sauti yote nikaweka nyimbo za kwaya mwanzo mpaka mwisho. Nilipoona harusi imekuwa fupi kwa dakika kadhaa, nikasema safi, hizo ndizo zile pacha.

Utaniuliza, babu je, ulimwangalia? Sikumwangalia. Na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilipitia mkanda kwa haraka, nikamwona mama, nikamwona baba akiwa na nywele, nikacheka kidogo. Wazee walikuwa wengi, wenye kofia walikuwa wengi. Huwezi kugundua kwamba amekosekana mtu ambaye humjui sura.

Mwezi wa saba tukaenda Chemba, baba akiwa ameomba ruhusa kazini. Kaburi likajengewa asubuhi, saruji ikalainishwa kwa mwiko, katekista akasali, baridi ikatupiga. Mchana tukala, kisha wote wakajipanga sebuleni kwa bibi, madirisha yamezibwa kwa khanga ili mwanga usiharibu tivi. Bibi alikalishwa kwenye kigoda mbele kabisa, magoti yanakaribia kugusa kioo. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Nilikuwa nyuma ya tivi nikichomeka flashi, nikaona mikono yake ameikunja mapajani kama mtu aliye kanisani.

Harusi ikaenda. Watu wakajitambua, wakazomeana unene.

"Huyu ni mimi kweli?" shangazi akapiga kelele. "Kiuno hiki kimekwenda wapi?"

"Kimehamishiwa makao makuu," nikasema, na sebule ikavunjika mbavu. Nilijisikia niko nyumbani.

Bibi hakucheka. "Baba yenu yuko wapi?"

"Anakuja, mama," shangazi akamwambia. "Mimi nakumbuka. Mwenye kamera alimweka kwenye kiti pale ukutani, wakati wa chakula. Ngoja wagawe chakula."

Chakula kikagawiwa. Masufuria yakapita. Halafu, kufumba na kufumbua, ukuta wa udongo, kofia, na mara watu wakawa wananawa mikono.

"Huyo!" shangazi akasema. "Amepita huyo! Rudisha!"

Nikarudisha. Kofia, kisha watu wananawa. Nikarudisha tena. Nikasimamisha, nikajaribu kumkamata, na kila nikimkosa nilikuwa nimeangukia ama kwenye sufuria ama kwenye mikono yenye maji. Mara ya tatu shangazi akashika kiuno kile kilichohama, akanielekezea kidole.

"Jamani! Huyu mtoto amemtoa mwenzake!"

Sebule ililipuka. Wewe fikiria: miaka yote nimesema nitamtoa, na sasa kweli hayupo. Kwao kilikuwa kichekesho kilichoiva kuliko vyote nilivyowahi kusema. "Ametimiza!" "Nyumba sasa yake!" "Bwana harusi mpya!" Walipigana mabega. Nilikuwa nimepata hadhira ya maisha yangu, na nilitamani saruji ya kaburi ifunguke.

Baba peke yake alikuwa ananitazama bila kucheka. Na bibi. Alijizungusha kwenye kigoda pole pole.

"Mume wangu," akasema, "hili lilikuwa si la kunitania."

"Bibi, si mimi. Ni filta."

"Filta ndiyo nani?" shangazi akadakia. "Yule rafiki yako wa shule?"

Wakacheka tena. Nikaanza kueleza mistari, pacha, kiwango, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana nabuni. Hilo ni tatizo la kuwa mtu wa utani: siku ukisema kweli, watu wanasubiri umalizie waanze kucheka. Bibi alisimama kwa kushikilia tivi, akaenda jikoni. Sikumfuata. Njia nzima ya kurudi baba alisema neno moja tu, "Lirekebishe," na sikujua kama alimaanisha mkanda au mimi.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa ile ile, upepo ule ule. Hata kuku walikuwa wamefungiwa. Nikafungua faili la mwanzo, lile la fundi, lenye kwikwi na meno yake yote, na sauti yake. Nikalipeleka mpaka wakati wa chakula.

Mwenye kamera alikuwa ameiweka kamera yake kwenye miguu mitatu, mbele ya ukuta wa udongo. Kwenye kiti amekaa mzee mwenye kofia. Unasikia mwenye kamera akisema, "Hapo hapo, mzee, tulia." Halafu unasikia hatua zake zikiondoka. Amekwenda kula. Kamera ameiacha inaendelea.

Na mzee akatulia. Yeye alijua kwamba mtu akielekezewa kamera anatulia mpaka apigwe picha. Nani alimweleza kwamba hii ni nyingine, ya mkanda? Akanyoosha mgongo, akaweka mikono juu ya fimbo, akaangalia kamera, akangoja iseme kitu. Haikusema. Akangoja. Sahani zinagongana upande wa pili, watu wanacheka, na katikati ya kelele hizo sauti ya mwanamke inamwita kwa kilugha. Kilugha changu ni cha kuombea chumvi, lakini hilo nililielewa: njoo ule. Na mzee anajibu bila kufungua midomo vizuri, kama mtu mwenye sindano za kushonea mdomoni: ngoja, napigwa picha.

Dakika tatu na sekunde kumi na moja. Hakuna aliyekuja kumwambia kwamba imetosha.

Kwa filta yangu, dakika tatu hizo zilikuwa fremu moja na pacha zake elfu kadhaa. Hakuna jipya, tupa. Hakuna jipya, tupa. Lakini si kweli kwamba hakutikisika. Nilisogea karibu. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kinapapasa kichwa cha fimbo, taratibu, huku na huku. Mara moja alimeza mate. Vitu vidogo. Mimi ndiye niliyesema visihesabiwe.

Nilimwangalia mpaka mwisho, nikamrudisha mwanzo, nikamwangalia tena. Mimi kwenye sebule tupu, yeye kwenye kiti chake, kila mmoja anamngoja mtu aliyekwenda kufanya mambo yake. Mara ya tatu nikagundua nimekaa kama yeye, mgongo umenyooka.

Kurekebisha kulichukua siku nne, kwa sababu nilikuwa nimekosea mambo mawili. La kwanza ni filta yenyewe. Pacha wa fundi walikuwa wanakuja kwa zamu, mmoja katika kila sita, kwa hiyo sikuhitaji mlafi anayekula kila kinachofanana. Nilihitaji ile nyingine inayochukua fremu sita sita, inatoa moja tu inayofanana zaidi na jirani yake, na inaacha tano, hata kama zote sita zinalingana. La pili ni mpangilio. Nilikuwa nimetenganisha mistari kwanza, nikaondoa pacha baadaye. Kinyume chake ndicho sahihi: filta ya mistari huchungulia fremu ya mbele na ya nyuma ili kujua cha kujaza, na ikimkuta pacha inadanganyika. Ondoa pacha, ndipo utenganishe mistari. Mara mbili niligeuza vibaya, mara moja umeme ulikatika zikiwa zimebaki dakika chache.

Kisha nikahakikisha kama fundi wa mizani. Dakika tatu na sekunde kumi na moja, zipo. Sauti imekaa mdomoni mwa katekista. Nyimbo za kwaya nikazitoa.

Nilikwenda Chemba peke yangu, siku ya kawaida, watu wote wamesharudi makwao. Bibi alikuwa uani anachambua mlenda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, bila "mume wangu". Nikaweka laptopu juu ya kinu kilichogeuzwa, nikaikinga na jua, nikasogeza moja kwa moja mpaka pale ukutani.

Bibi akainama karibu na kioo. Mikono ilibaki ndani ya ungo. Dakika ya kwanza ikapita. Ilipofika ile sauti ya mwanamke, bibi akashtuka.

"Huyo ni mimi."

"Ni wewe?"

"Namwita chakula." Na babu akajibu kutoka kwenye laptopu, napigwa picha, na bibi akaachia ungo. Mlenda ukamwagika.

"Kumbe ni siku hii," akasema. "Kumbe ilikuwa siku hii."

Akaniambia. Baada ya harusi babu alianza kuulizia picha yake. Kila aliyekwenda Dodoma mjini alimwagiza, niulizieni picha yangu imetoka? Mwenye kamera hakurudi tena Chemba, na hakuna aliyekuwa na picha ya karatasi, wala aliyewaza kwamba picha yenyewe ni ule mkanda. Aliuliza mwaka mzima, akauliza na mwaka uliofuata. Bibi alimwambia, mzee, wewe hujapigwa picha, uliota. Wakagombana mpaka akaacha kuuliza.

"Nilimwita mwongo," bibi akasema. "Mbele ya watoto."

Kwenye kioo babu alikuwa bado anangoja. Tulimngojea mpaka mwisho.

"Na wewe," akasema, bila kunitazama, "hukumtoa."

"Sikumtoa, bibi."

"Haya." Akaanza kuokota mlenda, nikamsaidia. Ungo ulipojaa ndipo akasema, "Sasa mpe picha yake. Ya karatasi. Alikwisha subiri."

Kuchagua fremu moja katika zile elfu kadhaa ni kazi ya kichaa, zote ni sura ile ile. Nilitaka kwanza nichukue kwenye harusi yangu iliyosafishwa. Halafu nikarudi kwenye faili la fundi, lenye meno, nikamkuza babu mpaka akajaza kioo, nikatafuta kitana. Hakikuwepo. Nusu zake mbili zilikuwa zimekaa sawasawa, witiri kwa shufwa, kope kwa kope. Mtu mmoja tu katika harusi nzima ambaye hakuhitaji filta hata moja. Nikachukua ile ambayo kidole gumba kiko katikati ya fimbo.

Fundi wa Makole aliifungua kwenye kompyuta yake, akainamisha kichwa.

"Huyu mzee mbona kakaza macho hivi?"

"Anasubiri itoke."

Alicheka mpaka akashika mashine yake ya kudurufu. Mimi nilikuwa nimejibu swali tu. "Nakala ngapi, dogo?"

Nikasema mbili.

Moja baba aliipeleka Chemba. Siku hiyo jioni bibi alipiga simu, akasema, "Mume wangu, mwenzio amefika, nimemtundika juu ya kitanda, kwa hiyo ukija utalala sebuleni." Nikamwambia sawa, ila akikoroma namtoa. Akacheka, na akacheka tena kidogo.

Ya pili iko hapa Nkuhungu, imeegemea ukuta pembeni ya laptopu. Likizo ilikuwa imebakiza siku tano. Mama alikuwa kazini, baba safarini, upepo unagonga mabati. Nilivuta kiti nikamsimulia babu kile kichekesho cha kuku, chote, na sauti zake. Hakucheka. Lakini hakuondoka katikati.